Mhina kwenye njia ya Matondoni: kutoka mbegu hadi kiganjani

12 Septemba 2023. Sababu ya kuanza

Napamba mabibi harusi hapa Amu (Lamu), kazi niliyorithi kwa mamangu. Mwezi wa Mei mwaka huu nilimpaka binti wa jirani piko niliyoinunua dukani, kwa kuwa mwenyewe alitaka maua meusi. Siku ya tatu mikono yake ilifura, malengelenge yakatoka yakifuata mchoro wangu jani kwa jani. Amepona, lakini alama zimebaki. Mule ndani mlikuwa na dawa ya kutia nywele weusi, ile iitwayo parafenilinidiamini, ambayo haifai kugusa ngozi. Hina ya kweli haitoi rangi nyeusi wala haishiki kwa dakika ishirini. Ukiibandua huwa ya machungwa, hulala nayo, na kufikia siku ya pili imekolea ikawa rangi ya damu ya mzee au kahawia.

Nimeacha piko. Kisha nikaanza kuitilia shaka hata hina ya pakiti, kwa sababu baadhi yake ina harufu kali na huwa nyeusi mara tu ikipata maji. Kwa hiyo napanda mhina wangu. Naandika hapa kila hatua ikimalizika ili anayetaka kupanda asirudie makosa yangu.

Shamba ni robo ekari ya familia kwenye njia ya Matondoni: mchanga mtupu, minazi sita, kisima cha mkono, na jabia (birika la kuwekea maji ya mvua) la zamani lenye ufa. Mbegu nimeletewa na mjomba kutoka Garsen, kwenye ukingo wa Mto Tana ambako mhina huota wenyewe. Ni vitunda vikavu vya mviringo, vidogo kama mbaazi, na kila kimoja kina mbegu nyingi ndogo mno. Leo nimejaza viriba (vifuko vya kuoteshea miche) mia moja na kutia mbegu tatu tatu, kina cha pingili moja ya kidole.

3 Oktoba 2023. Hakuna kilichoota

Wiki tatu na viriba mia moja, sikuona hata mche mmoja. Nilichimbua vinne nikakuta mbegu ziko vile vile, kavu na ngumu.

Nilimpigia simu mjomba, akaniuliza, "Mwanangu, uliziloweka?" Sikuziloweka. Akanieleza mhina unavyoishi kwao. Ni kichaka cha nchi kame, lakini katika nchi hiyo kame hukaa kandokando ya mito na kwenye mikondo ya maji ya msimu. Matunda huanguka, mto hufurika na kuzilowesha mbegu siku kadhaa, kisha maji hujiondoa na kuziacha juu ya tope lenye joto. Mimi nilikuwa nimezifukia kwenye mchanga mkavu na kuzinyunyizia maji kidogo asubuhi na jioni.

24 Oktoba 2023. Zimeota

Nilizifunga mbegu kwenye kitambaa cha shashi nikakining'iniza ndani ya ndoo ya maji siku saba, nikibadilisha maji kila asubuhi. Maji ya siku mbili za kwanza yalitoka kahawia kama chai, na ya siku ya saba yalikuwa meupe. Kisha nilichanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisishikane, nikazimwaga juu ya udongo kwenye trei tatu bila kuzifukia. Nilipitisha mchanga mwembamba juu yake, nikafunika kwa leso kuukuu iliyolowa maji.

Siku ya tisa ziliota. Leo nimehesabu miche 212, kila mmoja na majani mawili madogo kuliko punje ya mchele. Leso iondolewe siku ile ile unayoona kijani cha kwanza. Trei moja nilichelewa siku mbili na miche yake imerefuka, imepauka na kulala.

20 Novemba 2023. Mvua

Wote tunajua vuli ya mwaka huu ilivyo. Wanaiita El Niño, na huku kwetu haikupumzika. Nilikuwa nimeweka trei chini ya mnazi, juu ya ardhi. Maji yalisimama. Shingo za miche, pale shina linapokutana na udongo, zikawa nyeusi na kusinyaa, na miche ikaanguka mmoja mmoja kama iliyokatwa kwa wembe. Kati ya 212 imebaki 41.

Mvua si sababu peke yake. Udongo wangu ulikuwa nusu samadi, nikidhani naifanyia miche hisani, na samadi ilishika maji yasitoke. Haya ndiyo niliyobadilisha:

Nimejenga kichanja cha boriti kinachofika kiunoni, na paa la makuti lenye mwinamo mkali. Mchanganyiko sasa ni mchanga debe tatu kwa udongo mwekundu debe moja, bila samadi yoyote. Namwagilia asubuhi peke yake, na siku ya mawingu simwagilii kabisa. Tangu nihamishe miche hiyo 41 hakuna mwingine ulioanguka.

14 Januari 2024 (imeongezwa 25 Februari). Vipandikizi

Kwa kuwa miche ni michache, nilikwenda mtaa wa Langoni kwa shangazi yake mamangu, ambaye ua wake una mhina mzee kuliko yeye mwenyewe, na amevuka miaka themanini. Aliniruhusu kukata, kwa sharti moja: nisikate upande wa dirisha lake, kwa sababu ya harufu ya maua usiku.

Mara ya kwanza nilikata ncha laini thelathini za kijani, kwa kuwa zilionekana ndizo zenye uhai. Zilioza 27, zikabaki 3. Mara ya pili nilikata thelathini za mti uliokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20. Nilikata chini ya kifundo, nikaondoa majani yote isipokuwa manne ya juu, nikazisimamisha kwenye mchanga mtupu uliooshwa, kivulini. Wiki ya sita nilivuta kidogo na zikanishikilia: 22 zimetoa mizizi. Pamoja na vile 3 vya mwanzo, jumla 25.

Kwa anayeanza leo, nashauri vipandikizi. Mbegu haikuahidi mti unaofanana na mama yake, na mhina wa Langoni nimeujua tangu utotoni kwamba rangi yake hukolea.

2 Machi 2024. Chumvi

Kingo za majani zimeanza kuungua, kwanza manjano, kisha kahawia na kukauka. Nilidhani ni jua. Nikaongeza maji, na hali ikazidi kuwa mbaya. Mpwa wangu ndiye aliyeonja maji ya kisima akayatema.

Kisiwa chetu kimelala juu ya maji ya chumvi. Maji matamu ya mvua hukaa juu yake kama mafuta juu ya supu. Mwisho wa kaskazi, miezi imepita bila mvua na tabaka hilo limekuwa jembamba, na ukivuta kwa pupa unaivuta chumvi ije juu. Nilikuwa navuta madebe kumi kwa mkupuo mmoja, saa nane mchana. Mhina uliokomaa huvumilia ukame na hata chumvi kiasi, ila mche wa miezi minne hauwezi.

Hasara ni minane kati ya ile 66 (miche 41 na vipandikizi 25), na imebaki 58. Nimemwita fundi kuziba ufa wa jabia, na kuanzia sasa kitalu kitakunywa maji ya mvua peke yake. Kabla jabia halijajaa nanunua maji matamu, na hiyo ni gharama iliyoniuma. Kisima nakichota alfajiri, madebe mawili, kisha nakiacha kipumzike.

4 Mei 2024. Kuhamishia shambani

Masika yameshika. Mashimo ya futi moja, hatua moja na nusu kati ya mstari na mstari, na hatua moja kati ya mche na mche. Huko Rajasthan, India, katika mji wa Sojat unaojulikana kwa hina, hubananisha mimea sana, sentimita 30 hadi 45. Mimi niliipa miche yangu nafasi ili niweze kupita nikivuna. Nimeshaanza kujuta, kwa sababu nafasi hiyo imejaa magugu.

Usiku wa tatu punda waliingia. Mlango wa ua nilikuwa nimeufunga kwa kamba, na punda wa Amu anajua kamba. Hawakula mingi, lakini walikanyaga minne ikavunjika kabisa. Nimezungusha nyavu kuukuu za wavuvi juu ya miti ya ua, na mlango sasa una komeo la mbao. Imebaki 54.

18 Agosti 2024. Samadi ya punda: jaribio ambalo halikukusudiwa

Hii ndiyo sehemu ninayotaka msomaji aisome taratibu.

Mwezi wa Juni nilikusanya samadi ya punda, ambayo hapa mjini ni ya bure ukiwa na wa kukubebea. Ilitosha nusu ya shamba. Nikaweka ikiwa bado mbichi, karai moja kwa kila mche, kwa miche 27 ya upande wa mashariki. Ile 27 ya magharibi haikupata kitu.

Kufikia Agosti upande wa mashariki unafika kifuani mwangu. Majani ni mapana, laini, ya kijani kilichoiva. Upande wa magharibi unafika magotini na majani yake ni madogo na magumu. Kila aliyepita alinipongeza kwa upande wa mashariki.

Nilichuma kiganja kimoja kila upande, nikakausha, nikatwanga, nikachanganya kwa ndimu, nikajipaka mkono wa kulia hina ya mashariki na wa kushoto ya magharibi, kwa saa sita. Asubuhi ya pili mkono wa kulia ulikuwa kama niliyepaka bizari. Wa kushoto ulikuwa mwekundu wa matofali. Nilimwonyesha mamangu bila kumwambia lolote, akashika wa kushoto akasema, "Hii ndiyo hina. Ile nyengine haiyaiva."

Rangi inayotia ngozi ni kitu kimoja ndani ya jani, wataalamu wakiita lawsoni, nacho hushikamana na protini ya ngozi, kucha na nywele. Katika jani kavu ni sehemu ndogo sana, mara nyingi asilimia moja au mbili. Nilichokiona mkononi mwangu ni kwamba mti uliobembelezwa ulitoa majani mengi yenye rangi haba. Isitoshe, ule ule upande wa mashariki umeingiwa na vijidudu vyeupe kama pamba kwenye vifundo. Nimewaosha kwa maji ya sabuni mara tatu, siku tano tano, na wamepungua bila kuisha. Matawi mawili niliyokata na kuchoma ndiyo yaliyowamaliza.

Marekebisho: samadi sasa inakaa lundo miezi minne hadi ipoe na kunuka udongo, na kila mche unapata kopo moja kwa mwaka, mwanzo wa mvua. Maji nimesitisha kwa miche yote iliyoshika.

22 Desemba 2024. Maua, na miba iliyonitisha

Maua yametoka. Kila ua ni dogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, petali nne za rangi ya maziwa zilizokunjamana, na nyuzi nane zimesimama mbili mbili kati yake. Peke yake halitazamiki. Lakini yanatoka kwa vishada vikubwa kwenye ncha za matawi, na magharibi ikiingia harufu inafika barabarani. Bibi yangu alikuwa akiyaweka sandukuni kati ya kanzu. Watu wa India huyakamua attari.

Pamoja na maua nikaona miba. Vichaka tisa, vyote vya mbegu za Garsen, vina vitawi vifupi vilivyokauka ncha na kuwa vikali kama sindano. Nikadhani nimepewa mti mwingine, na nilishachukua jembe kuving'oa. Kimoja niling'oa kweli. Shangazi wa Langoni ndiye aliyenizuia. Akanionyesha mhina wake mwenyewe, chini, kwenye matawi ya zamani: miba mitupu. Mhina mchanga hauna miba, na ukizeeka huitoa.

Baadaye nimekuta kwamba Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya Kilatini, alijikwaa mahali hapo hapo. Mwaka 1753 aliandika mihina miwili kana kwamba ni aina mbili: *Lawsonia inermis*, yaani usio na silaha, na *Lawsonia spinosa*, wenye miba. Ni mti mmoja katika umri tofauti, na jina lililobaki ni la kwanza. Lawsonia ni kwa heshima ya daktari Mskoti, Isaac Lawson, rafiki yake.

Nikiwa hapo hapo niseme kilichonifurahisha zaidi: mhina, mkomamanga na mlilana ni ukoo mmoja. Mlilana, mkoko ule wa mbele kabisa unaosimama baharini, ambao mafundi wa Matondoni hukata mataruma (mbavu) ya jahazi! Nilipita pwani siku ile nikautazama kwa jicho jingine.

Vichaka vimebaki 53. Nimepogoa vyote kufikia magotini ili vichipue matawi mengi.

16 Februari 2025. Mavuno ya kwanza, yameharibika

Nilikata vichaka 14. Nilitandaza majani juu ya jamvi uwanjani, jua la kaskazi, siku mbili. Yalikauka vizuri sana, yakavunjika kwa kidole. Kilo 2.4 kavu. Rangi yake ilikuwa ya nyasi kuukuu, na unga ulipopata ndimu ulitoa rangi dhaifu, ikafutika mkononi kwa siku nne.

Kosa ni jua. Jani la hina likikauka juani kijani hupotea na rangi hupotea nalo. Zote 2.4 nimezitumia kwa nywele za mamangu na ndevu za baba mdogo, ambako rangi hafifu haiwasumbui.

27 Machi 2025. Mavuno ya pili, na Idd

Vichaka 39 vilivyobaki. Safari hii nilikata asubuhi umande ukishakauka, nikafunga matawi vitita vidogo, nikavining'iniza chini ya paa la makuti, kivulini, pepo zikipita. Siku nne. Kisha nilipukuta majani juu ya mkeka, nikaondoa vijiti vyote, nikatwanga kwa kinu na kuchekecha mara mbili kwa shashi. Mara ya kwanza shashi ilikuwa na tundu kubwa na unga ukaziba koni ya kupakia, kwa hiyo chekecheni kwa iliyo nyembamba kabisa, ile ya mtandio. Kilo 6.3 za majani zilitoa kilo 4.5 za unga wa kijani chenye harufu ya nyasi mbichi.

Nachanganya na maji ya ndimu, sukari kijiko kimoja na matone ya mafuta ya karafuu, nafunika saa nane. Joto letu linatosha, usiiweke juani. Juu ikishapiga kahawia na chini ikabaki kijani, imetoa rangi.

Wiki hii ya kumi la mwisho la Ramadhani nimepaka mikono kila usiku baada ya tarawehe. Yule binti wa jirani amekuja. Nilimpaka kidole kimoja kwanza, tukangoja siku mbili. Jana alinyoosha mikono yote miwili.

Jambo moja sitalegeza: simpaki mtoto mchanga, hata mamake akiniomba kwa ajili ya Idd. Kuna watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD katika damu, na kwetu pwani ni wengi kwa kuwa huenda sambamba na historia ya malaria. Kwa mtoto mwenye hali hiyo, hina safi kabisa inaweza kuvunja chembe za damu na kumtia manjano. Hapa shida si piko, ni hina yenyewe.

20 Julai 2025. Kwa ufupi

Nilivuna kidogo katika baridi ya kusi kuona. Majani mengi, rangi nusu. Sitavuna tena kati ya Juni na Agosti. Miezi yangu ni Februari, Machi, na Oktoba mwishoni, joto likirudi.

7 Septemba 2025. Hesabu

Boriti 14 kwa 250: 3,500. Makuti 120 kwa 20: 2,400. Udongo mwekundu, mizigo 12 ya punda kwa 200: 2,400. Viriba 200 kwa 4: 800. Jabia, saruji mifuko mitatu pamoja na fundi: 4,850. Vibarua siku 11 kwa 700: 7,700. Nyavu kuukuu: 1,500. Kubeba samadi: 900. Shashi, mkeka na madebe ya kuhifadhia: 1,650. Maji matamu ya Machi 2024: 1,300. Jumla shilingi 27,000.

Unga wa Machi nimetumia kilo tatu kwenye kazi yangu na kuuza kilo moja na nusu, robo kwa shilingi 400, yaani 2,400. Bado niko chini sana kwa hesabu ya mauzo. Lakini tangu Aprili sijanunua pakiti hata moja, nayo ilikuwa ikinila kama elfu mbili kwa mwezi wa harusi. Mhina huvunwa miaka mingi ukishashika, kwa hiyo jabia na kichanja sitajenga tena kesho.

Ningeanza leo, nisingenunua viriba 200, nisingebeba samadi mwaka wa kwanza, na ningeziba jabia kabla ya kushika mbegu.

Natia mstari mpya katikati ya ile miwili ya magharibi, vipandikizi 40 vya Langoni, kuziba ile nafasi ya magugu. Shangazi ameniruhusu tena, kwa sharti lile lile la dirisha. Na mbegu za vile vichaka vinane vyenye miba, vilivyonusurika na jembe langu, ziko ndani ya ndoo tangu juzi. Maji ya leo asubuhi bado yalikuwa kahawia.